Jiwe Halina Bega

Moanda, 18 Novemba 1974

Baba mpendwa,

Nimefika salama. Ndege mpaka Kinshasa, ndege nyingine ndogo, kisha nyuma ya lori la magunia ya chumvi. Nisalimie mama, nisalimie Mzee Adrien jirani yetu, na wale wote wa mtaa wetu wa Kikula, hapo Likasi, wanaosema nimepotea.

Bahari nimeiona. Chukua lile ziwa la Mwadingusha, kisha uondoe ng'ambo yake. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo.

Kituo chetu ni nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Mkubwa wake ni Mzee Nicolas, mwenyeji wa hapa, ambaye kwa miaka ishirini anaokoa wanyama wa bahari wanaokwama mchangani: kasa wakubwa, nguva, pomboo. Pomboo usimwite samaki, baba. Anavuta pumzi kama sisi, kwa tundu lililo juu ya kichwa, na mtoto wake ananyonya. Maji yakirudi nyuma yakamwacha ufukweni, uzito wake mwenyewe unamkandamiza mapafu. Haya niliyasoma Lubumbashi miaka mitatu katika vitabu. Hapa ndipo ninapoyashika kwa mikono. Wiki hii nimefua magunia, nimebeba ndoo za maji, nimesukuma kasa mmoja mwenye upana wa meza yetu ya kulia. Hiyo ndiyo stage yangu, mafunzo yangu ya kazi, na mikono imeota malengelenge.

Makubaliano yetu nayakumbuka. Mzee Nicolas atanitilia sahihi cheti na kuniajiri endapo nitaongoza uokoaji mmoja mimi mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mnyama aogelee. Nikishindwa mpaka Pasaka, nitarudi Likasi nikae kwenye kile kiti cha ofisini alichonitafutia rafiki yako baba Camille.

Binti yako,
Emérance

Kwenye bahasha nimeandika jina la ukoo, Kabeya, peke yake. Karani wa posta akiona jina la Séraphin anakunja uso, anasema majina ya watakatifu yamekatazwa na serikali.


Kikula, 2 Desemba 1974

Mwanangu Emérance,

Barua yako imefika na mchanga ndani yake. Mama yako ameutia mchanga huo katika kikombe na anawaonyesha majirani. Anauliza: "Na ile nyama, bantu banakulaka?" Nimemwambia nitakuuliza.

Mimi sina ugomvi na bahari. Ugomvi wangu ni na soko. Juzi nimepita kununua unga wa bukari, Benoît, mtu wangu wa zamani wa kazi, akanipigia kelele mbele ya watu: "Kapita, mutoto yako iko muganga ya samaki?" Nikamjibu kwamba pomboo si samaki. Wakacheka zaidi. Camille ananikumbusha kila Jumapili baada ya misa kwamba kiti bado kipo, lakini kiti kizuri hakikai kitupu muda mrefu. Mimi nataka urudi, sikufichi. Tuna binti mmoja tu, na Moanda ni mbali kuliko watu wanavyodhani.

Lakini maadamu uko huko, fanya kazi kama mtoto wa kapita. Kwenye machimbo, ile karieri ya mawe niliyoisimamia nikiwa kapita, watu wanane wenye wimbo walikuwa wanawashinda ishirini wasio na wimbo. Wewe uliusikia tangu ukiwa mgongoni. Kapita anaita: "Jiwe iko nguvu!" Wote wanajibu: "Siye tuko mingi!" Na kwenye "mingi" wanavuta kwa pamoja. Wafundishe watu wako.

Mvua ni nyingi. Ukuta wa chumba chako, ule wa matofali mabichi, umeanza kunywa maji. Mama yako anataka niite fundi. Nimemwambia fundi ndiye mimi.

Baba yako,
Séraphin


Moanda, 21 Desemba 1974

Baba,

Amekufa. Naandika haraka kabla sijabadili nia ya kukuambia.

Alikuwa pomboo mkubwa, tumemkuta asubuhi. Mzee Nicolas alikuwa upande wa pili na nguva aliyenaswa katika nyavu, akaniachia mimi na wavuvi saba. Maji yalikuwa yanarudi nyuma, nikaona tutachelewa. Nikawafundisha wimbo wako. Hawajui Kiswahili, hapa ni Kikongo na Kilingala, lakini waliushika mara moja. Tukamshika mapezi na mkia, nikaita, wakajibu, tukavuta. Alisogea. Nilifurahi, baba, niliita kwa nguvu zaidi. Kisha pezi la kushoto likachomoka pale linapoungana na mwili, nikalisikia mkononi mwangu. Tulimfikisha majini lakini hakuweza kujishika sawa. Alilala ubavu mpaka akaisha.

Mzee Nicolas hakunifokea. Alisema: "Wewe umemvuta kwa sababu ulitaka kumsaidia upesi." Ingekuwa heri anifokee. Wavuvi wamegawana nyama, kwa hiyo mwambie mama kwamba ndiyo, inaliwa.

Nadhani mwisho wa Januari nitarudi. Mwambie baba Camille asimpe mtu kile kiti.

Emérance


Kikula, 12 Januari 1975

Mdogo wangu Barthélemy,

Usishangae mwandiko. Huu ni wa Adrien, karani mstaafu jirani yetu. Mimi nasema, yeye anaandika, na tayari ameninung'unikia mara mbili kwamba nasema haraka.

Wewe uko Kakanda, hujasikia. Tarehe nne nilikuwa naweka nguzo kwenye ukuta wa chumba cha Emérance, ukaniangukia. Wakaja Georges, Benoît na wenzao wanne, wote watu wangu wa zamani wa karieri. Waliondoa matofali vizuri. Kisha wakanishika mikono, Georges akaita "Jiwe iko nguvu!", wakajibu, na kwenye "mingi" wakavuta. Bega la kuume lilichomoka, na nyonga iliyokuwa imepasuka ikaharibika zaidi. Wamenivuta kwa upendo, mdogo wangu, na kwa wimbo niliowafundisha mwenyewe. Georges analia kila akija kunitazama, mpaka nimemwomba aje mara moja tu kwa siku.

Bega alilirudisha Philomène, muuguzi wa zahanati. Lakini nyonga anasema lazima ipelekwe hospitali, ipigwe picha, itiwe plasta, ama sitatembea tena. Gari haliwezi kuingia katika njia yetu, kwa hiyo lazima nibebwe hatua thelathini mpaka barabarani. Nimekataa. Wakinigusa tu, mwili wote unakataa. Nimeamuru mawe miaka ishirini na sita, na sasa naogopa hatua thelathini. Huo ndio ukweli.

Emérance asijue. Barua yake ilifika kesho yake: mnyama wake amekufa, anataka kukimbia. Ni kweli nilitaka arudi. Lakini akisikia habari hii atakaa kwenye kile kiti cha Camille maisha yake yote, na kila akinitazama ataona sababu. Sitaki kuwa sababu hiyo. Nakuomba usimwandikie.

Kaka yako,
Séraphin


Kikula, 14 Januari 1975

Mwanangu Emérance,

Miwani yangu imevunjika, ndiyo maana Mzee Adrien ananiandikia. Sisi hatujambo. Mvua bado. Ukuta ule umeanguka, lakini ulikuwa mbovu.

Nimesikia habari za mnyama wako. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekupa wimbo. Sasa nisikilize. Usimvute tena kiumbe kwa mkono wake. Mkono umefungwa mwilini kwa kamba nyembamba, na anayevutwa hawezi kuwaambia wanaovuta waache, kwa sababu wanaimba. Bega likichomoka, hata likirudishwa, maumivu yanamwamsha kila akigeuka. Na baada ya hapo anaogopa mikono yote, hata mizuri. Ukimkuta wa namna hiyo, kwanza nyamaza. Kaa karibu naye. Mwache akuzoee.

Kuhusu kurudi mwisho wa Januari: hapana. Makubaliano ni Pasaka, na mtoto wa kapita haondoki kazini siku iliyoharibika. Camille nitamweleza mimi.

Baba yako,
Séraphin

(Mimi Adrien naongeza: miwani imevunjika kweli, nimeiona kwa macho yangu.)


Kakanda, 23 Januari 1975

Yaya, kaka yangu,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua, na wewe ndiwe uliyenifundisha methali hiyo nilipoficha homa yangu ya utotoni.

Sitamwandikia mtoto, kwa sasa. Lakini nakupa mpaka mwisho wa Februari. Usipokuwa hospitali siku hiyo, nitamwandikia yote: ukuta, Georges, wimbo na uoga wako. Ukasirike ukipenda, ukiwa unatembea.

Mdogo wako,
Barthélemy


Moanda, 2 Februari 1975

Baba mpendwa,

Nimebaki. Pole kwa miwani.

Mzee Nicolas ameamua kunifundisha upya. Amesema sitamgusa mnyama mwingine kabla sijajua uzito wa mikono ya watu. Kwa hiyo wiki nzima mimi ndiye nimekuwa mnyama. Nalala mchangani, wavuvi wananibeba, kisha naulizwa wapi pameniuma. Mara ya kwanza niliogopa mpaka nikawapiga mateke.

Naomba Mzee Adrien asome sehemu inayofuata kwa sauti, polepole, mara mbili, mbele ya Georges, Benoît na wenzao wa karieri. Wao wanajua kubeba, watanikosoa nikiwa nimekosea.

Kabla ya kumgusa mnyama, safisha njia yote mpaka mnakokwenda, hata kijiwe kidogo ondoa. Turubai likunjwe nusu kwa urefu, liwekwe kandokando ya mgongo wake. Anageuzwa kidogo upande ulio mzima, kichwa, mwili na miguu kwa wakati mmoja, asipindwe kama nguo inayokamuliwa. Turubai linasukumwa chini yake, kisha anarudishwa taratibu na lile lililokunjwa linakunjuliwa upande wa pili. Asishikwe mkono wala mguu. Pale panapouma pasibanwe na kitu: sisi tunachimba shimo mchangani chini ya pezi, lakini kwenye sakafu ngumu ungeweka blanketi lililokunjwa pande zote mbili. Watu sita, watatu huku na watatu huku, wanakunja ukingo wa turubai mpaka ngumi zao zikaribie mwili. Anayesema ni mmoja tu. Wimbo uwepo, lakini si wa kuvuta: kwenye "mingi" kila mtu anapiga hatua moja, basi.

Na kichwani akae mtu ambaye mnyama anamjua. Kazi yake ni kumtazama machoni na kumwambia jambo kabla halijatendeka. Sasa tunakuinua. Sasa tunasimama. Akilalamika, wote wasimame. Mimi niliacha kupiga mateke siku waliyoanza kuniambia.

Msalimie mama. Mwambie anafaa sana kukaa kichwani.

Emérance


Kikula, 24 Februari 1975

Barthélemy,

Weka kalamu yako chini. Naandikiwa barua hii nikiwa kwenye kitanda cha hospitali, plasta kutoka kiunoni mpaka gotini.

Barua ya mtoto ilifika Jumatano. Adrien akaisoma mbele ya watu kama alivyoombwa. Akamaliza mara ya pili. Kisha Georges akainuka akaenda kutafuta turubai. Sikumtuma. Shemeji yako, Mama Alphonsine, akachukua ufagio, akafagia njia kutoka mlango mpaka barabarani, hatua thelathini zote, akaokota vijiwe katika nguo yake. Nilimsikia kutoka kitandani. Mtu akikufagilia njia hivyo, utakataa vipi?

Jumamosi asubuhi wakaja. Adrien alikuwa kapita, barua mkononi, na alisoma "mnyama" kila palipoandikwa "mnyama". Georges akauliza: "Nyama iko tayari?" Nikajibu: "Iko tayari." Alphonsine akakaa kichwani, akanitazama machoni, akaniambia: "Sasa banakugeuza kidogo. Sasa kitambaa inapita. Sasa banakuinua, usishike kitu." Adrien akaita kwa sauti yake ya ofisini, wakajibu taratibu, kwenye "mingi" hatua moja. Nusu ya njia nikalalamika na wote wakasimama pale pale. Benoît jasho lilimtoka mpaka kwenye ndevu, lakini hakusogea. Nadhani hapo ndipo uoga uliponitoka.

Daktari anasema mfupa ulikuwa umeanza kushika vibaya, lakini haujachelewa.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mtoto ameniokoa na hajui. Anadhani alikuwa anaelezea samaki.

Séraphin


Moanda, 24 Machi 1975

Baba mpendwa,

Jumanne iliyopita nimepata wangu.

Pomboo jike, mdogo, maji yakiwa yameshamwacha mbali. Mzee Nicolas alikuja akakaa juu ya gogo, akafunga mikono, akaniachia yote. Wavuvi kumi na wawili walisimama, wengine wakiwa na visu, maana nyama ya Desemba bado waliikumbuka. Niliwaambia wakae nami mpaka maji yarudi, na akifa kabla ya hapo sitawazuia. Nilikaa kichwani saa nne. Nikammwagia maji bila kuziba tundu lake, nikachimba chini ya mapezi, nikamwambia kila jambo kabla ya kulitenda, kwa Kiswahili cha Kikula. Wa kwanza kuweka kisu chini alikuwa mzee mmoja aliyechoka kusimama. Akaja kushika ndoo. Wengine wakamfuata.

Maji yaliporudi tulimweka kwenye turubai, sita huku na sita huku, tukaimba kwa hatua. Maji yakatufika kifuani. Hapo inakuja sehemu ambayo hakuna kitabu kilichoniambia. Ukimwachia, kwanza anayumba, anainama upande, nawe mwili wako wote unataka kumshika. Mzee Nicolas akapiga kelele kutoka ufukweni: "Mikono juu! Wote!" Tukainua mikono. Akayumba, akajisawazisha, akavuta pumzi moja kubwa, akaenda.

Cheti kimetiwa sahihi. Kazi ninayo, naanza Juni.

Sasa lingine. Baba, jiwe halina bega. Umefanya kazi na mawe miaka ishirini na sita, na mawe hayawezi kukufundisha kwamba bega lililorudishwa linamwamsha mtu kila akigeuka. Barua yako ya Januari nimeisoma nikiwa nimesimama posta, na nilipofika mahali pale nilikaa chini. Ukuta umeanguka, miwani imevunjika, mkono hauandiki, na Mzee Adrien anaapa kuhusu miwani bila kuulizwa. Nilielewa kwamba walikuvuta, nikajua na waliimba nini. Kutoka "kila akigeuka" nikajua huinuki kitandani, na kwa kuwa bega peke yake halimlazi mtu nikakisia na nyonga, na kutoka "anaogopa mikono yote" nikajua hutaki kubebwa.

Nilifungasha sanduku. Mzee Nicolas alinikuta mlangoni, nikamsomea barua yako. Akasema: "Ukienda leo utafika baada ya siku nne, kumshika mkono mtu anayeogopa mikono. Na alichokificha ili ubaki, utakuwa umekitupa." Ndipo tukaanza yale mazoezi. Kila nilipolala mchangani nilikuwa wewe. Nililala kwa ubavu, nikawaambia bega na nyonga vinauma, nikatafuta njia ambayo haiumi. Barua ya Februari ilikuwa yako tangu mstari wa kwanza. Bahari haina sakafu ngumu wala blanketi, baba.

Sijui kama ilifaa. Hamjaniambia kitu, na mimi sikuthubutu kuuliza, kwa sababu ningeuliza ungejua kwamba najua, ungeniamuru nirudi ama nibaki, na vyote viwili nisingeviweza. Nimelia sana. Nimekukasirikia pia. Sasa cheti kiko mkononi, hakuna tena cha kunifichia. Niambie ukweli. Nafika Likasi kwa treni ya Jumamosi tarehe kumi na tisa Aprili, nitakaa mpaka mwisho wa Mei.

Emérance


Kikula, 5 Aprili 1975

Mwanangu,

Huu mwandiko mbaya ni wangu mwenyewe. Bega linaniruhusu mistari michache kwa siku, nimeanza Jumatano.

Umeniuliza ukweli. Ilifaa. Nilibebwa tarehe ishirini na mbili Februari, mama yako kichwani, njia imefagiliwa. Adrien aliniita mnyama mbele ya mtaa mzima kwa sababu yako. Plasta imetolewa juzi. Nina magongo mawili na hatua kumi na mbili, jana zilikuwa tisa.

Nimewasomea Georges na wenzake barua yako. Georges amelia tena, lakini safari hii amekula pia. Baba yako mdogo Barthélemy anasema sisi wawili tumelingana kwa uongo, na kwamba wewe umenizidi. Kiti cha Camille amekipata Hélène, binti ya Benoît, na Benoît sasa hapigi tena kelele sokoni.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa utarudi. Halafu usiku nilikuwa naomba urudi. Yote mawili ni kweli, na sioni haya kuyaandika.

Tarehe kumi na tisa nitakuwa stesheni. Kutoka benchi mpaka njia ya treni nimemtuma Adrien akapime: hatua ishirini na mbili. Nina wiki mbili za kuzitafuta. Nimewaonya wote, na mama yako nimemwonya mara mbili. Ukishuka, weka sanduku lako chini na usimame hapo hapo. Nitayumba kidogo, usinikimbilie. Mikono juu, wewe pia, mpaka nifike.

Baba yako,
Séraphin